Vikombe vya Mabry Hill

Februari ile, shule ya kati ya Pruitt iliadhimisha mwezi wa historia ya watu weusi kwa kukaanga kuku na kukata tikitimaji, vyakula vilevile ambavyo wazungu wamewakejeli navyo watu weusi tangu zamani. Tikitimaji, kwenye baridi ile! Odessa Pinkney alisimama mlangoni mwa bwalo, sahani mkononi, akaangalia lile bango la mikono ya rangi zote iliyoshikana, akawaangalia wapishi waliokuwa wakimtabasamia kwa nia njema kabisa, na njaa yote ikamwisha. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha historia ya jimbo la Georgia katika shule hiyo, na hiyo ndiyo heshima waliyoweza kuipata jikoni. Alirudisha sahani, akaenda darasani kwake akafunga mlango. Huko, kwa hasira, ndiko alikoamua kuifungua mbele ya wanafunzi bahasha aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Ndani ya bahasha hiyo kulikuwa na picha moja tu. Ilikuwa picha ya kabati la vioo la shule ya Mabry Hill, shule ya watoto weusi wa kaunti ile, na kabatini mlikuwa na vikombe thelathini na viwili vya ushindi: vya mpira wa kikapu, vya kwaya, vya midahalo. Baba yake Odessa, Lucius Pinkney, ndiye aliyekuwa mkuu wa shule hiyo, na mji mzima, weupe na weusi, ulimwita Profesa.

Mwaka 1970 mahakama iliamuru watoto wote, weusi na weupe, wasome pamoja. Wako watu wanaopenda kusimulia kwamba mwaka ule milango ilifunguliwa. Sawa, ilifunguliwa, lakini ya upande gani? Shule ya wazungu haikuguswa hata rangi ya kuta. Mabry Hill ndiyo iliyofungwa, walimu wake nusu nzima wakaambiwa hawahitajiki, na Profesa, mwenye shahada mbili na shule nzima chini yake, akapewa daftari na kalamu asimame kwenye geti la maegesho ya kaunti ahesabu mabasi yanayotoka asubuhi na yanayorudi jioni. Alihesabu mabasi kwa miaka kumi na minne. Nyumbani hakulitaja jambo hilo hata siku moja, na Odessa, aliyekuwa na miaka mitano tu yalipoanza hayo, alikua akidhani baba yake anapenda mabasi.

Vikombe navyo vilikuwepo kabatini siku shule inafungwa. Agosti, watoto weusi walipoingia kwenye shule yao mpya, walikuta kabati limejaa vikombe vya wenyeji peke yao. Waliouliza waliambiwa watulie, wamshukuru Mungu wamepata mabasi na maabara.

Basi Odessa aliionyesha picha ile kwa darasa la nane, akawaeleza habari yake bila kutia chumvi, kisha akawapa kazi ya nyumbani yenye swali moja: vikombe thelathini na viwili vilikwenda wapi? Waulize wakubwa zao. Watoto walichangamka, maana swali lenyewe lilikuwa la kipelelezi. Mmoja tu hakuchangamka. Msichana aitwaye Brynlee Stroud, mzungu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliisogelea picha akaikodolea macho, halafu akauliza kikombe cha mbele, kile chenye sikio lililopinda, kilikuwa cha nini. Odessa akamwambia ni cha timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, mabingwa wa jimbo mwaka 1958. Brynlee aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi macho mekundu.

Siku mbili baadaye Bwana Teague, mkuu wa shule, alimwita Odessa ofisini. Alikuwa mtu laini, mwenye kusugua viganja kila anapotaka kusema jambo la aibu, na siku hiyo alivisugua hadi vikawa vyekundu. Mama yake Brynlee, Bi Darla Stroud, alikuwa amejaza fomu ya malalamiko. Sheria mpya ya jimbo ilikataza mafunzo yanayomfanya mtoto ajisikie vibaya kwa sababu ya rangi yake, na mtoto wake alirudi nyumbani akilia. Teague alikuwa na karatasi tayari. Odessa atie sahihi kwamba ameliondoa somo hilo na anaomba radhi, mambo yaishe. Asiposaini, Bodi ya Elimu itapiga kura juu ya somo na juu ya mkataba wake, Jumanne ya pili ya Machi.

Damu ilimchemka. Hebu fikiria: watoto weusi wamekaa darasa hilohilo tangu 1970, wanasomeshwa majenerali waliopigana ili babu zao wabaki watumwa, wanapewa tikitimaji kwenye baridi, na hakuna aliyewahi kujaza fomu kuuliza wao wanajisikiaje. Odessa aliirudisha karatasi mezani kwa kidole kimoja.

"Bwana Teague," alisema, "ningesema uongo wowote ungenisahihisha. Umeona uongo?"

"Sijaona. Lakini Mwalimu, elewa basi, unga wako ndio unaomwagika hapa, si wangu."

"Basi acha umwagike."

Aliyasema hayo kwa ujasiri, na alipofika kwenye gari lake alikaa robo saa akipiga hesabu kabla ya kuliwasha. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Pruitt ina shule moja ya kati, na mwalimu anayefukuzwa kwa sheria ile haajiriwi tena katika kaunti nyingine. Na juu ya yote alikipenda chumba kile, na kelele zake, na harufu yake ya soksi na kalamu za rangi.

Jumapili, baada ya ibada, habari ilikuwa imeshafika ukumbi wa chakula wa kanisa kabla yake. Wazee waliosoma Mabry Hill hukutana kila mwaka mwezi wa Julai wakiwa wamevaa fulana za zambarau na dhahabu, rangi za shule yao, na hao wazee ndio waliokuwa wakimsubiri sasa kwenye meza ya mwisho. Waliongozwa na Bi Ozella Threatt. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na miwili na fimbo ya chuma, na mwaka 1958 ndiye aliyekuwa nahodha wa wale wasichana mabingwa. Hakupoteza muda kumpa pole.

"Bodi wanampa mwananchi dakika ngapi za kusema siku hizi?" aliuliza.

"Tatu," alijibu Odessa. "Zikiisha wanapiga kengele."

"Na hilo somo lako lina dakika ngapi?"

"Kama nusu saa hivi."

Bi Ozella aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo. "Tupo tisa," alisema. "Tutapigiana pasi."

Wakacheka, lakini hakuwa akitania. Wiki nzima iliyofuata walikutana jikoni kwake kila mchana, Odessa akawagawia somo vipande vipande, wakajipima kwa saa ya kuokea keki. Kwa kuwa kanuni inataka kila msemaji aandikishe jina lake mwenyewe kabla ya adhuhuri ya siku ya kikao, Jumanne asubuhi wazee tisa walipanga foleni kwenye ofisi ya Bodi na fimbo zao. Karani akawauliza kulikoni, wakamjibu wamekuja kusalimia. Odessa alijiandikisha wa kumi. Dakika zake tatu alizitaka kwa ajili ya baba yake tu. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekwisha kusema mbele ya Bodi, kwa sauti, walimfanyia nini Lucius Pinkney. Aliandika ukurasa mmoja, akaufuta, akauandika tena mpaka ukatosha dakika tatu kamili.

Jioni ukumbi ulijaa. Wajumbe saba walikaa mbele kwenye jukwaa, na mwenyekiti, Bwana Wendell Gaskin, muuza matrekta, akasoma kanuni ambazo huzisoma kila mwezi na hakuna anayezisikiliza: dakika tatu kwa mtu, taa ya kijani, ya njano, nyekundu, kengele ikilia unakaa, ambaye hakujiandikisha hasemi, msemaji anaweza kumpa mwingine dakika zake, lakini akishazitoa hazirudi. Safu ya pili walikaa Bi Darla Stroud na Brynlee. Mama alikuwa amenyooka kama aliyemeza rula. Mtoto alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wa kwanza kusimama alikuwa shemasi Cleophus Dill, zambarau tupu kuanzia tai hadi soksi. Alisimulia jinsi wazazi weusi walivyoijenga Mabry Hill wenyewe, kila familia ikileta matofali yake, kwa sababu kaunti ilisema haina bajeti. Kengele ilimkata akisema, "Na tofali la mwisho aliliweka..." Akakaa palepale bila kunung'unika.

Bibi aliyefuata akafika kwenye kipaza sauti, akasema, "...mama yangu, akiwa na mimba yangu." Akaendelea.

Ilimchukua Gaskin wasemaji watatu kugundua anachofanyiwa. Alianza kugeuza kurasa za kanuni kutafuta kifungu, mwanasheria wa Bodi akamnong'oneza, naye akatikisa kichwa kwa uchungu, maana hakuna kifungu kinachomkataza mzee kuanzia pale mwenzake alipoishia. Hivyo somo lile lililoogopwa kwa watoto wa miaka kumi na mitatu likafundishwa lote mbele ya wajumbe saba, na wao wakakaa kimya kama darasa. Vitabu vilivyoletwa Mabry Hill vikiwa vimechanwa na kuandikwa matusi pembezoni na watoto wa shule ya wazungu. Kwaya iliyoshinda jimbo zima. Walimu walioachishwa. Kabati.

Bi Ozella alikuwa wa tisa. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikisogeza kije kwake kwa fimbo.

"Kile kikombe tulikipata mjini Macon," alisema. "Mechi ilikwisha saa tatu usiku na hapakuwa na hoteli ya kutulaza wala mkahawa wa kutulisha, mnajua kwa nini. Kwa hiyo tukapanda basi na njaa yetu, na ubingwa wetu. Mimi ndiye niliyekibeba. Nikateleza kwenye ngazi ya basi, kikagonga chuma, sikio la kushoto likapinda. Nililia njia nzima. Profesa Pinkney, alikuwa mwalimu kijana wakati huo, akaniambia, Ozella, acha hivyohivyo, sasa hakuna atakayeweza kusema si chako. Kiliwekwa kabatini mbele ya vyote. Mwaka wa sabini kikatoweka. Miaka hamsini na kitu nauliza, na kila mtu katika mji huu anajitia hamnazo. Sikuja kuomba fidia. Nataka mtu mmoja tu aniambie kilikwenda wapi."

Kengele ilikuwa haijalia. Alikaa na sekunde zake mkononi.

Ikaitwa zamu ya Odessa Pinkney. Alisimama, akakunjua ukurasa wake, akafika kwenye kipaza sauti. Alikuwa amefungua mdomo kutaja jina la baba yake aliposikia kiti kikisogea nyuma.

"Mimi najua," alisema Brynlee.

Mama yake alimvuta mkono wa sweta, akamwambia kwa meno yaliyofungwa akae chini. Hakukaa. Gaskin, sauti ikiwa imejaa nafuu ya mtu aliyepata kanuni ya kushika, alimwambia msichana kwa upole kwamba jina lake halimo orodhani, na anayesema bila kuandikishwa atatolewa nje.

Odessa aliutazama ukurasa wake. Aliyajua yaliyokuwa yakimngoja: baada yake ni kura, na akinyamaza hakutakuwa na neno hata moja la kumtetea, wala la kumtetea marehemu. Kisha akamtazama mtoto, aliyekuwa bado amesimama. Akaukunja ukurasa.

"Mwenyekiti, dakika zangu nampa Brynlee Stroud."

"Mwalimu Pinkney," alisema Gaskin, "unaelewa kwamba hazirudi? Na kinachofuata ni mkataba wako?"

"Naelewa. Ulisoma vizuri."

Taa ya kijani ikawaka. Brynlee alikuja mbele, akashika chuma cha kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kiko kwa babu yangu Royce," alisema. "Kwenye baraza ya nyuma. Sikio la kushoto limepinda. Anawekea misumari. Mimi nimekijua tangu mdogo, nilikuwa nacheza nacho." Akavuta pumzi. "Mwalimu hakunifanya nilie. Nililia kwa sababu nilikitambua. Nilimwambia mama siku hiyohiyo, na kwenye fomu hakuandika hivyo. Basi, ndiyo hayo tu."

Akaachia chuma, lakini hakurudi safu ya pili. Alisimama tu pale. Haikuwa imepita hata dakika moja. Gaskin alikohoa, akasema kama hakuna la ziada wataendelea na ajenda.

"Dakika zake hazijaisha," alisema Bi Ozella kutoka kitini.

Mwanasheria aliitikia kwa kichwa. Basi wakangoja. Dakika mbili nzima ukumbi ule ulikaa chini ya taa ya kijani, watu mia moja na zaidi, hakuna aliyethubutu hata kupangusa pua, na Bi Darla Stroud akiwa amejiinamia, mkoba kifuani. Taa ikawa ya njano. Ikawa nyekundu. Kengele ikalia.

Halafu wakapiga kura. Ungedhani mtu mwenye damu mwilini angeuliza swali moja kwanza. Wapi! Wajumbe watano kwa wawili waliamua somo liondolewe, na mkataba wa Mwalimu Pinkney usiongezwe baada ya mwisho wa Mei, kwa ajili ya utulivu wa shule. Kikombe hakikutajwa. Wakaingia ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa paa la ukumbi wa mazoezi linalovuja, na hiyo wakaijadili kwa dakika arobaini. Kama si mkono wa shemasi Dill begani kwake, Odessa angerudi mbele akawaambie maneno ambayo kanisani hayasemwi.

Jumamosi asubuhi Bi Ozella alimpigia simu amfuate na gari. Odessa alimwuliza kama wasingeandika barua kwanza. Alijibiwa kwamba barua zimeandikwa tangu kabla hajaota meno ya ukubwani.

Royce Haskew, babu yake Brynlee, aliwafungulia mlango mwenyewe kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa mzee wa miaka sabini na tatu, mkubwa wa mwili, na ilionekana hakuwa amelala vizuri siku kadhaa. Bi Ozella hakumpa nafasi ya salamu ndefu.

"Nimekuja kuchukua kikombe changu."

Aliwapeleka baraza ya nyuma. Kilikuwepo rafuni, kati ya kopo la rangi na ndoano za kuvulia samaki, kimejaa misumari. Royce alikimimina kwenye ndoo, misumari ikalia kwa muda mrefu, akakifuta kwa kiganja na kukitoa. Akaeleza bila kuulizwa. Mwaka ule alikuwa kijana wa miaka ishirini, dereva wa lori la kaunti. Waliambiwa wabebe takataka za Mabry Hill. Alipoona kile kikombe kizuri akakitoa katika shehena, hakuona ubaya, alifikiri anakiokoa.

"Ulikiokoa," alisema Bi Ozella, akipitisha kidole gumba juu ya sikio lililopinda, "ukakiwekea misumari." Kidole kilikwenda na kurudi. "Na thelathini na kimoja?"

Royce alinyoosha kidevu upande wa pili wa barabara. Huko palikuwa na taa ndefu za uwanja wa mpira wa shule, ule unaojaa mji mzima kila Ijumaa ya vuli. Palikuwa shimo la taka la kaunti wakati ule, alisema. Walimwaga, wakafukia, mwaka uliofuata wakapanda nyasi.

Odessa aliziangalia taa zile. Mahafali hufanyiwa uwanjani hapo. Yeye mwenyewe alivaa joho hapo. Miaka ishirini na sita alisimama juu ya nyasi zile kila Mei akipiga makofi, na baba yake, alipokuwa hai, alikaa kwenye viti vya mbele na kofia yake mapajani.

"Baba yangu alijua?" aliuliza.

Royce aliitazama ndoo ya misumari. "Malori yalilala pamoja na mabasi," alisema. "Ilikuwa Agosti, wiki yake ya kwanza. Profesa alikuwa getini na daftari lake. Aliona nilichobeba, mama. Akaandika namba ya lori na saa niliyotoka, akanifungulia."

Odessa alilia pale, mbele ya mtu yule, kwa hasira ya miaka yote ambayo alidhani baba yake anapenda mabasi, wala hakujificha uso. Bi Ozella alimwacha amalize. Kisha akakibana kikombe kwapani, akashika fimbo yake, akaanza kushuka ngazi kwa uangalifu, safari hii bila kuteleza. Kwenye gari, alipokwisha kufunga mkanda, akakipakata.

"Wamesema mpaka lini?"

"Mwisho wa Mei."

"Na somo lao lililokatazwa ni la picha ya kabati?"

"La picha, na lile swali la vilikwenda wapi."

"Swali limeshajibiwa," alisema Bi Ozella. "Jumatatu watoe watoto nje. Waambie waje na majembe."